Miji Minne kwa Siku Sita

Ercole Tassinari alikuwa amemaliza juma zima bila kumlaghai mtu, na hali hiyo ilishaanza kumharibia afya. Agosti imeingia, Bologna imebaki tupu, wenye nacho wote wamekimbilia baharini. Mjini walisalia vikongwe, paka na yeye. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye mgahawa unaotazamana na stesheni ya treni, koti lake la kitani limepigwa pasi upande wa mbele tu, mara akasikia ugomvi wa mke na mume meza ya pili.

Kwa Ercole, ugomvi wa wanandoa wenye masanduku ni sawa na tini bivu. Huna haja ya kupanda mtini. Unakinga mkono tu.

"Siku sita, Hanneke! Siku sita!" mume alikuwa akilalama. Alikuwa mzee wa Kiholanzi, shingo imeiva kwa jua. "Unataka tuburute mizigo Venisi, Verona, Firenze na Ravenna? Mimi nimekuja kupumzika, sikuja kuhama nyumba."

"Na mimi sikutoka kwetu kuja kukodolea macho dari moja, Diederik."

"Nani kasema dari? Tunapanga hapa, asubuhi tunapanda treni, jioni tunarudi kitandani petu. Kitanda kile kile! Mgongo wangu utakizoea."

"Nusu ya siku kwenda, nusu ya siku kurudi. Huo mji tutauona saa ngapi? Heri kulala huko huko."

"Lala wewe!"

Hapo Ercole akainuka, akafunga kifungo cha koti, akasogea na tabasamu lake la kazini.

"Mnisamehe, wazee wangu. Mimi ni Dokta Benassi, mtaalamu wa safari." Jina halikuwa lake, udaktari haukuwa wa mtu yeyote, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Modena, mji wa jirani, akarudi kabla ya chakula kwa kuumwa tumbo. Lakini ushauri hauombwi pasipoti. "Nimesikia bila kukusudia. Nyote wawili mna haki."

Maneno hayo, ndugu msomaji, yamefungua pochi nyingi kuliko visu.

"Tutakuwaje na haki wote?" akauliza Hanneke.

"Mama, ubaya si miji minne, ubaya ni masanduku. Mtu mwenye mikono mitupu hahami, anatembea. Leo mnalala hapa Bologna, kwenye nyumba ya familia yangu, bwana apate kitanda cha heshima. Kesho wakala wangu anaitanguliza mizigo Venisi. Mkifika mnaikuta hotelini, inawasubiri kama mbwa mwaminifu. Mkihama, nayo inahama."

Diederik alimtazama mkewe. Mkewe aliyatazama masanduku: mawili, ya ngozi, makubwa, kufuli za shaba. Ercole naye aliyatazama, ila kwa mahaba zaidi.

"Dokta," Hanneke akasema, jicho limelowa, "wewe umeiokoa ndoa yetu."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya dada yake, Ornella, aliyekuwa Rimini kwa likizo na kumwachia ufunguo kwa masharti mengi. Ornella alikuwa mwanamke ambaye wadai kodi wenyewe humpigia hodi kwa unyenyekevu. Lakini Ercole alishapiga hesabu zake: mtu akishalala kwenye shuka zako, haulizi risiti ya sanduku. Na akigundua ameibiwa, akarudi kubisha, atafunguliwa na Ornella mwenye ufagio. Mpango ulikuwa mzuri hata akajionea huruma, kwamba kipaji kama hicho kimezaliwa mji mdogo.

Usiku ule aliwaandalia tambi kwa mchuzi wa nyama. Hanneke alisifu kila kitu: masufuria ya shaba ya marehemu mama, saa ya ukutani, vijiko vya fedha.

"Vya fedha kweli hivi?"

"Kweli tupu, mama," akajibu Ercole, akijidai. "Sisi hatuna vya bandia."

Asubuhi walimkabidhi masanduku mlangoni. Diederik alimkumbatia. "Tutaoga, tutafunga mlango, ufunguo tutauacha chini ya zulia. Usijichoshe kutusindikiza."

Ercole aliyaburuta masanduku hadi chumba chake cha kupanga, mtaa wa pili, ngazi baada ya ngazi, akiguna kwa raha. Mzigo mzito ni mzigo wenye maana. Akavunja kufuli ya kwanza. Taulo. Akavunja ya pili. Taulo. Taulo za hoteli ya Vienna, za hoteli ya Praha, za Zagreb, kila moja imedariziwa jina la ilikoibwa. Chini ya taulo, mawe ya barabara, yamepangwa vizuri yasigongane.

Aliketi kitandani. Akili yake, ile aliyoisifia mbele ya kioo, ilimfikia polepole kama treni ya shamba.

"Ornella," akasema, akatoka mbio hadi nyumbani kwa dada yake.

Ufunguo ulikuwa chini ya zulia kweli, waungwana hao. Ndani, ukutani palibaki misumari. Masufuria hakuna, saa hakuna, vijiko usiseme. Walikuwa wamedeki sakafu.

Alifika stesheni ulimi nje. Treni ya Verona ilikuwa ikiondoka, na kwenye dirisha alikuwamo Hanneke, na juu ya kichwa chake, kwenye chaga la mizigo, masanduku mekundu ya Ornella yamejaa hadi yamevimba. Ercole alifungua kinywa apige kelele za mwizi. Palepale mkono ukamshika bega. Alikuwa askari Gualandi, anayemfahamu tangu ujana wa wote wawili.

"Ercole! Kuna nini?"

Ercole akazikumbuka zile taulo za wizi zilizojaa chumbani kwake, akakifunga kinywa.

"Tumekubaliana, Dokta!" Hanneke alipaza sauti, akipunga mkono. "Kuhamahama ndiyo raha!"

"Rafiki zako hao?" Gualandi akauliza.

"Wageni wangu," Ercole akajibu kwa sauti ya mgonjwa.

"Wanaonekana watu wema."

"Wamedeki hata sakafu."

Treni ilipokwisha kupotea, simu ikalia mfukoni.

"Ercole, nakuja leo," Ornella akasema. "Rimini imefurika watu, hata pa kuweka mguu hapana. Nimechoka kubanana. Huko nyumbani vipi?"

Ercole alifumba macho.

"Njoo tu, dada," akasema. "Hapa nafasi ipo. Tena tele."