Leo Nimelia Machozi ya Mtu Mwingine

Leo nimeaibika mpaka Marekani.

Sitii chumvi. Kuna familia huko, ina ng'ombe na theluji, na tangu leo jioni inajua sura yangu, sauti yangu na soksi yangu iliyotoboka kidole. Kaeni niwasimulie kabla Akinyi hajawasimulia. Akinyi huongeza.

Mnawajua wale vijana wa shati jeupe na tai, wanaotembea wawili wawili kando ya Waiyaki Way kwenye jua kali kama wamechelewa harusi? Wamisionari wa Kimormoni. Wa mtaa wetu wa Uthiru ni Mzee Larsen, ametoka Marekani, na Mzee Kabongo, ametoka Lubumbashi, Kongo. (Kwao kijana wa miaka kumi na tisa akitumwa kuhubiri anaitwa Mzee. Guka wangu, yaani babu, amekuwa mzee wa kanisa lake huko Kikuyu tangu zamani za kale, na bado hajapona hiyo habari.)

Sisi si wa kanisa lao. Lakini siku moja walimkuta Mama akipambana na mtungi wa gesi kwenye ngazi, wakambebea hadi ghorofa ya nne, na Mama akawachukua kama watoto wake papo hapo. Shida ilikuwa moja tu. Hawanywi chai! Dini yao imekataa. Kwa Mama, mgeni asiyekunywa chai ni mgeni aliyekasirika. Aliteseka kimoyomoyo, mwisho akavumbua maziwa moto yenye tangawizi. Sasa Mzee Larsen humaliza sufuria.

Wana sheria nyingine. Hawaingii nyumba yenye wanawake peke yao. Lazima ndani kuwe na mwanaume mzima. Kama Baba yuko dukani River Road anauza mabomba ya maji, wao husimama mlangoni na kikombe mkononi hata kama mvua inapiga. Hii sheria ishikeni. Ndiyo iliyonimaliza.

Jumatatu iliyopita walitusaidia kupandisha zulia juu ya paa kulianika. Nikarudi juu kutafuta vibanio. Nikamkuta Mzee Larsen nyuma ya tangi la maji. Analia. Si kilio cha sinema. Alikuwa anajifuta macho na kiwiko cha mkono wa kushoto, anavuta kamasi, anajifuta tena. Mzee Kabongo alisimama hatua chache pembeni, kwa sababu hawaruhusiwi kuachana, lakini alikuwa amempa mgongo. Anatazama njiwa. Alitazama wale njiwa kama amepewa kazi ya kuwalinda.

Kabongo akanivuta kando, na kile Kiswahili chake cha Kongo. "Dada Shiku, eko nakumbuka kwabo, nyumbani. Lakini mama yake hajue. Mama alisema, 'Nikisikia unateseka, mimi sitalala.' Sasa kila wiki anamwambia mama eko sawa kabisa. Usiseme kwa mtu."

"Naapa," nikasema.

(Niliapa kwa mkono juu. Hata nilijisikia mtakatifu kidogo.)

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi sikusema kwa mtu. Mimi niliigiza. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na nilikuwa nimejitetea hivyo wiki nzima.

Mnajua kipaji changu. Naweza kuiga mwalimu wa zamu, kondakta, hata Guka akikataa dawa. Larsen nilikuwa nimemaliza: ule mwendo wake wa kuinama mlangoni, na ile "hamjambo" yake inayotokea puani. Akinyi wa ghorofa ya tano alikuwa hachoki. Na ile ya kulia ndiyo ilikuwa namba moja.

Leo mchana maji yalikatika kwao, Mama akawaambia walete nguo wafulie kwetu. Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua, kununua chakula na kupiga simu nyumbani. Jioni tukapanda juu mimi na Akinyi kutoa nguo za shule. Kamba zote zilikuwa zimejaa mashati meupe. Akinyi akanitazama. Nikamtazama.

"Maze Shiku, fanya ile ya kulia."

"Bila nguo rasmi? Wewe unanidharau."

Nikatoa shati moja kubwa kwenye kamba. Lilikuwa bado bichi, likanishika mgongoni kama samaki. Tai nilitumia ya shule. Beji yao ya jina nikakata kwenye katoni ya unga. Tukashuka hadi mlangoni kwetu, na hapo ndipo nikaona viatu. Pea mbili, zimepangwa kwa adabu. Za Larsen ni kubwa, unaweza kuogeshea mtoto ndani yake.

"Hao wako wapi?" Akinyi akanong'ona.

"Wameshuka na ndala kununua sabuni," nikasema, kama wakili. "Baba yuko River Road. Ndani kuna Mama peke yake. Hao hawawezi kuwa ndani hata kwa bunduki. Ni sheria."

"Basi vaa viatu pia. Ingia umchekeshe mamako."

Nikavaa. Miguu yangu ikapotea humo. Akinyi akatoa simu kunirekodi. Nikafunga macho (msanii hufunga macho), nikasukuma mlango, nikaingia sebuleni nikiburuta viatu, *kwacha, kwacha*, na nikaanza. Kwa Kiingereza chake cha puani, ili iume vizuri:

"Mamaaa! Nimekukumbuka! Kila Jumatatu nakudanganya niko sawa, halafu naenda kulia nyuma ya tangi! Maziwa ya hapa ni matamu lakini si yako, Mamaaa!"

Kiwiko cha kushoto. Kamasi. Kiwiko tena. Nikapiga magoti kwa kumalizia.

Nikajua mambo yameharibika kwa sababu Mama hakucheka na pia hakunitukana.

Nikafungua macho.

Kwenye kochi, Mzee Larsen. Kando yake Mzee Kabongo, ameshika kichwa kama gari lake limeibwa. Kwenye kiti cha Baba, Guka, kofia usoni, amelala fofofo. Alikuwa amekuja kutoka kliniki ya macho nikiwa juu ya paa, na Mama hakuchelewa: "Mwanaume mzima ndiye huyu, ingieni." Kwani sheria ilisema lazima awe macho?

Na kwenye televisheni yetu, ile kubwa ya Baba ya kutazama mpira, iliyounganishwa na simu ya Larsen, kulikuwa na watu. Mama mmoja wa nywele nyeupe-nyeupe. Mzee mwenye kofia ya jua. Wasichana watatu na mbwa. Kwao ilikuwa asubuhi. Wote walikuwa wananitazama mimi, nimepiga magoti, na shati la mtoto wao linachuruzika maji juu ya zulia.

Guka akashtuka usingizini. "Nani amekufa?"

Mimi nilikuwa tayari kujitolea.

Nikamtazama Larsen. Nilidhani atakuwa na hasira, na wallahi ningeipenda hasira. Lakini alikuwa mwekundu hadi masikioni na anatazama skrini tu, kama mtoto aliyevunja sahani. Hapo ndipo kicheko chote kilinitoka tumboni. Niliapa. Mkono juu. Na sasa huyo mama hatalala.

Mama yake akasema polepole, "Mwanangu. Huwa unalia?"

"Hapana, Mama. Huyu ni... huyu ni mchekeshaji wa hapa."

"Wewe binti," yule mama akaniita. "Jina lako nani?"

"Shiku," nikasema. Sauti ilitoka kama ya paka.

"Shiku, fanya tena ile ya mkono."

"Pole?"

"Ile ya kujifuta. Fanya tena."

Nikamtazama Mama wangu. Mama akanipa lile jicho linalosema fanya unachoambiwa, mimi na wewe tutaonana wageni wakiondoka. Nikainua kiwiko cha kushoto. Nikajifuta. Polepole, bila utani. Nikavuta kamasi, na safari hii ilikuwa ya kweli.

Yule mama akaweka mkono mdomoni. Nikasema basi, nimemuua. Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanamtoka.

"Ni yeye kabisa!" akasema. "Anajifuta hivyo tangu akiwa na miaka mitatu! Mkono wa kulia ulikuwa na plasta, akazoea wa kushoto!" Halafu akajifuta yeye mwenyewe. Kwa kiwiko. Cha kushoto. Chumba kizima kilikiona kile kiwiko.

Akasema, "Sikiliza, mwanangu. Kila Jumatatu tukikata simu, mimi huenda bandani kwa ng'ombe kulia, baba yako asinione."

Yule mwenye kofia ya jua akakohoa. "Najua," akasema. "Huwa niko upande wa pili wa banda."

Basi. Mzee Larsen akavunjika. Alilia pale kwenye kochi letu bila tangi wala njiwa, huku anacheka, na mama yake analia huko huku anacheka, na hakuna aliyekufa kwa kukosa usingizi. Kabongo akageuka akatazama pazia, kwa mazoea tu. Baadaye akakumbuka haina haja tena, akageuka na kumshika bega.

Guka akauliza kuna nini, Mama akamweleza kwa Kikuyu. Guka akavaa kofia yake vizuri.

"Huyu anaona haya kulia kwa sababu anaitwa Mzee?" akasema. "Mwambieni mimi ni mzee kweli kweli, na kila jioni nikiona kikombe cha Cucu, marehemu nyanya yenu, kwenye kabati, nalia. Halafu nakula. Mleteeni chakula."

Mama akaingia mbele ya televisheni, karibu sana, kama anayechungulia dirishani. Kiingereza chake kikatembea na kanga. "Mama Larsen! Usijali! Chai amekataa, lakini maziwa anamaliza! Huyu ni wetu! Akilia, analia akiwa ameshiba!"

"Asante," yule mama akasema. Alisema mara nyingi. Mama alijibu zote.

Kabla simu haijakatwa, yule mama akaniita tena. "Shiku. Huyu kijana wangu ni mwongo. Kila Jumatatu nitakuuliza wewe. Kama amelia, utanionyesha."

Larsen akanigeukia, macho mekundu. Nikasema pole. Nilisema kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa karibu kuisahau.

"Nimekasirika," akasema kwa kile Kiswahili chake. "Kidogo. Lakini nimelala vibaya miezi mingi. Leo nitalala." Kisha akatazama chini. "Naomba viatu."

Ndipo nikavivua mbele ya mabara mawili, na kidole changu kikachungulia kwenye soksi, na mbwa wa Marekani akabweka.

Sasa hivi nimemaliza kufua lile shati mara ya pili na naandika haya nikisubiri pasi ipate moto. Mama amesema mikunjo ikibaki nitalivaa shuleni. Video Akinyi amekataa kuifuta, anasema ni historia ya kanisa.

Kwa hivyo mkicheka, chekeni kwa heshima. Mnamcheka mtu mwenye kazi ya kimataifa. Na Mzee Larsen, kama Akinyi atakuonyesha hii: wiki hii jaribu kuwa na furaha, tafadhali, goti langu bado linauma.