Bolti za Bwana Kesho

Jumatatu, 10 Machi
Gari limekamilika! Au tuseme karibu. Lilikuja vipandevipande kwenye makasha, majirani wakadhani nimenunua jokofu. Leo nimefunga shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma. Bolti nimezikaza mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Zikabaki pete ndogo za chuma, zile washa za kuzuia bolti zisilegee. Za nini, kwa mikono kama yangu? Nimempa mke wangu, fundi cherehani. Yeye hatupi kitu.

Jioni, tukiwa wodini kwa mama mkwe, nikatangaza mbele ya ukoo: Ijumaa akifunguliwa bandeji, baada ya kutolewa mtoto wa jicho, nitamrudisha nyumbani kwa gari langu. Mama mkwe akacheka. Huniita Bwana Kesho. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu, akapaliwa na chai. Akasema gari lake litakuwa karibu, ikitokea lolote. Jeupe, linang'aa kama meno ya bandia. Namchukia kidogo.

Jumanne, 11 Machi
Majaribio. Nimefika kona ya kwanza! Ghafla ko-ko-ko chini ya kiti. Nikaongeza mwendo nisiisikie. Kishindo! Shafti imelala barabarani kama nyoka aliyeshiba.

Nani apite saa hiyo kama si mwanyumba? Akachungulia, akasema bolti zimejifungua kwa mtikisiko. Akauliza washa ziko wapi. Nikajibu nilikuwa nazipumzisha. Akanivuta kwa kamba mpaka nyumbani, akimpungia mkono kila jirani. Mnafiki yule!

Jumatano, 12 Machi
Washa? Mke wangu keshazishonea kwenye upindo wa pazia, lisipeperuke. Pazia la nani? La dada yake. Linaning'inia sebuleni kwa mwanyumba! Madukani nimezunguka, saizi ile hakuna. Mke wangu anasema nikaombe kwa adabu. Niombe? Mimi? Nina mpango.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda kumsalimia shemeji. Alipoingia jikoni, nikajitosa nyuma ya pazia na wembe. Nafumua, naweka washa mdomoni. Kazi safi! Kumbe miguu yangu yote iko nje. Mwanyumba akauliza, kwa upole wa kuudhi, pazia limenikosea nini. Nikafungua mdomo nimwambie nakagua mshono. Washa zikamwagika sakafuni.

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

“Mama amengoja sana kuona,” akasema. “Nipe huo wembe.”

Akafumua zilizobaki mwenyewe. Kisha akaja kwangu, akalala chini ya gari na shati lake jeupe, akashika spana upande wa pili. Kila bolti na washa yake. Nilipokaza ya mwisho, oili ikamdondokea kifuani. Akasema usijali. Sasa namchukia vipi mtu wa namna hiyo?

Ijumaa, 14 Machi
Shafti kimya! Kimya kabisa, mpaka hospitali. Mama mkwe akatoka na miwani ya giza, kamshika mke wangu mkono. Akalizunguka gari polepole, akilipapasa boneti. Mwanyumba akamfungulia mlango wa gari jeupe, kwa tahadhari. Mama akampita. Akainua miwani kidogo, akanitazama mimi.

“Kumbe umezeeka hivi, mwanangu.”

Akapanda mwenyewe kiti cha mbele. Njia nzima alisoma mabango kwa sauti: viatu vya watoto! Fundi saa! Usikojoe hapa! Hili la mwisho alilirudia kwa furaha kubwa. Nikalia. Nikamwambia ni upepo, kioo cha mbele bado sijaweka.

Jumamosi, 15 Machi
Siku njema kupita zote! Mama mkwe kasema amechoka kubeba maji kutoka kisimani. Nimeshanunua pampu. Bomba nalipitisha sebuleni kwake, njia fupi. Imekuja na mipira miembamba kama pete, ya kuweka kwenye maungio ya bomba yasivuje. Mwanyumba alitaka kuniambia jambo juu ya hiyo mipira, nikamwomba asichoke bure. Nimefungia nayo mifuko ya unga.

Kesho asubuhi nafungulia maji. Ukoo mzima nimewaalika waketi sebuleni washuhudie. Nimewasisitizia wavae nguo zao nzuri.