Nanga ya Pili Imekaliwa

Masele Mihayo,
Duka la Vipuri vya Plau,
Bariadi.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usalama,
Umoja wa Wenye Boti Ndogo,
Mwaloni.

Mheshimiwa Mama Harieth,

YAH: KUNYIMWA CHETI KWA SABABU YA NANGA AMBAYO IPO

Shikamoo. Natumaini mawimbi ya huko mwaloni yanakuheshimu. Sisi huku ni vumbi na pamba tu, lakini tunadunda.

Mimi ndiye mwenye ile boti nyeupe ya injini, mita sita, yenye kijumba cha kulala watu wawili wanaopendana sana. Sikuirithi. Nilianza kwa kunoa majembe ya plau pembeni mwa stendi, nikapanda hivyo hivyo mpaka nikaipata. Wiki nzima inakaa kwenye tela uani kwangu, mbuzi wamelala chini yake, na majirani wakipita wanauliza gharika ni lini. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni karatasi ya mkaguzi wenu, ndugu Sylvester: "Nanga ya pili: haipo."

Bila cheti chenu siruhusiwi kuvuka na abiria. Abiria wangu ni mmoja, mama mkwe wangu wa Shishiyu. Binti yake mdogo, Goodness, amejifungua ng'ambo ya ghuba, na mama anataka kumshika mjukuu. Gari humtapisha. Nilisimama mbele ya ukoo wote nikasema nitamvusha mimi. Shemeji yangu Josia alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Shemeji, hilo beseni lako linakunywa maji au majani?" Sasa gari lake limeoshwa, linasubiri mimi nishindwe. Akimpeleka yeye, nitaitwa Masele Beseni mpaka nazikwa, na jina hilo litatajwa hata kwenye matanga yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nanga ipo. Nimeichomelea mwenyewe kwa majembe mawili ya plau, kilo kumi na moja, na mnyororo wake, na kamba yake ya mita arobaini. Chuma kilicholima mashamba ya Zagayu misimu minane hakiwezi kushindwa na tope la ziwani.

2. Kanuni yenu inasema nanga ya pili ikae mbali na ya kwanza, isicheze, na ifikiwe kwa mkono bila kuhamisha kitu. Mama, nimejaribu. Niliiweka mbele pamoja na ya kwanza: kamba zikasokotana kama ng'ombe wawili wasiojuana waliofungwa nira moja. Niliiweka juu ya paa: ikashuka yenyewe kupitia kioo. Niliiweka nyuma: kamba ikaingia kwenye pangaboi la injini. Niliiweka chini ya godoro kijumbani: mke wangu Jenifer akaniuliza kama mimi ndiye nitakayelala nayo. Likabaki sanduku la mbele, lile ambalo mfuniko wake ndio kiti.

3. Kiti hicho ni cha mama mkwe. Hakuna kingine. Wewe umetoka mkoa mwingine, hivyo nakueleza taratibu: huku kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe, hamkazii macho, na wala hamwambii ainuke; naye mama hamsemeshi mkwe moja kwa moja. Boti ni mita sita. Heshima yangu kwake inahitaji kama ishirini. Tulichoweza ni yeye kukaa mbele kabisa akiangalia maji, na mimi nyuma kwenye usukani nikiangalia magoti yangu. Ndivyo ninavyoendesha. Tumegonga mtumbwi mmoja tu, tena ulikuwa mtupu.

4. Siku ya ukaguzi mama alikuwa amekuja kukijaribu kiti. Ndugu Sylvester akapanda, akasema, "Bosi, hebu tupa nanga ya pili." Nikashika usukani. "Iko wapi?" Nikasema iko mahali pake. "Itoe basi." Nikasema haitoleki. "Kwa nini?" Nikasema imekaliwa. "Na nani?" Sasa, Mama Harieth, ulitaka nijibu nini, mwenyewe amekaa pale pale, mgongo wima, anasikia? Nikaangalia magoti. Ndugu Sylvester akaandika "haipo", akashuka anapiga mluzi.

5. Nilishauriwa nimtume Jenifer amwambie mama yake ainuke. Nimepiga hesabu. Jenifer ni mtoto aliyelelewa vizuri; hawezi kumwinua mzazi kabla hajamsalimia. Ataanza na "mwadila, mayu", yaani salamu kwa mama, aingie kwa watoto, wagonjwa, mvua na mahindi, ndipo afike kwa ng'ombe. Kwa upepo wa mchana boti ambayo nanga yake imeng'oka inakwenda mita ishirini kwa dakika. Miamba iko mita mia mbili. Ng'ombe wa Shishiyu ni wengi. Tutazama katikati ya madume.

6. Kwa hiyo naomba moja kati ya haya. Kanuni ifutwe. Ikishindikana, Kamati iajiri ofisa wa kuinua mama wakwe, mtu wa mbali asiye na undugu na yeyote, awe anakaa mwaloni na kizibao chake. Ikishindikana hata hilo, mama mkwe mwenyewe aandikishwe kuwa nanga ya pili. Anazidi uzito unaotakiwa. Hapati kutu. Hasokotani na chochote. Na tangu nimuoe binti yake sijaona upepo wala mtu aliyemsogeza pale alipoamua kukaa.

Nategemea busara yako kabla Josia hajawasha gari. Nisalimie wanakamati wote, mweka hazina, mama anayetukaangia sangara pale mlangoni, na hata ndugu Sylvester, ingawa yeye asalimiwe mwisho.

Wako katika ujenzi wa taifa na ukarabati wa boti,

Masele Mihayo

N.B. Barua hii ilikuwa bado haijafungwa. Jana tulitoka na mama na Jenifer, hatua chache tu kutoka nchi kavu, ili mama azoee. Hatukusafiri, tulielea; kanuni haikatazi kuelea. Nikatupa nanga ya kwanza. Upepo ukaja, nanga ikang'oka, miamba ikaanza kukua. Jenifer akafungua mdomo, "Mwadila, mayu..." Mimi nikaangalia magoti.

Mama hakugeuka. Akaanza kusema na injini. "Wewe injini, mwambie bwana wako kwamba mimi nimefunga madume tangu sijavunja ungo. Dume likishinda kamba moja, unaongeza ya pili upande wa pili. Au anataka kuniheshimu mpaka tufe?"

Akainuka mwenyewe. Akafunua sanduku, akatoa nanga yangu kwa mkono mmoja, akaishika ncha ya kamba, akaiuliza injini, "Na hii imefungwa wapi?"

Mama Harieth, haikuwa imefungwa popote. Mita zote arobaini, na mwisho wake hewa. Tungeitupa ingekwenda yenyewe kulima ziwa. Akaifunga kwenye chuma cha mbele kwa fundo la kufungia ndama, akaitupa kushoto, boti ikasimama kimya kama imekaripiwa.

Kwa hiyo futa namba moja mpaka sita. Ndugu Sylvester aje tena Ijumaa, asalimiwe wa kwanza, na atamkuta mama amesimama. Jumamosi tunavuka, Josia ameambiwa alipaki gari lake, na ameomba nafasi ya kukaa kijumbani.

Ila Kamati inisaidie jambo moja. Mama ameiagiza injini iniambie kwamba anataka nanga ya tatu, iwekwe chini ya kiti changu. Anasema anataka kuona kama na mimi najua kuinuka.