Faida ya London, Hasara ya Kwetu

"Milioni nne!" Spana akalipiga gazeti mezani mpaka povu la bia likaruka. "Someni wenyewe! Wakubwa wa London wametangaza: kiwanda chetu cha pampu kimeingiza faida ya yuro milioni nne. Na juzi tu meneja katupanga uani, eti mwaka huu hasara, bonasi ya Krismasi msahau. Huu kama si wizi ni nini?"

Jina lake hasa Ottmar, ila kakaza nati pale kiwandani miaka thelathini na moja, na sasa hata padri anamwita Spana. Misa ilikuwa imetoka, na meza ya duara baani kwa Bi Lore, huko kwao Ujerumani, ilikuwa na wenyewe: yeye, Gernot, tarishi mstaafu waliyempa jina la Redio, na Roswitha, yaani Mama Risiti, aliyeshika vitabu vya hesabu vya kiwanda hicho hicho mpaka akastaafu.

Bonasi yenyewe Spana alishaila kichwani. Kamwahidi mkewe Traudl tiketi za Oslo, wakamwone mjukuu. Mtoto ana miezi mitano, babu hajamshika hata kidole, na jambo hilo lilikuwa linamuuma kwelikweli.

"Wezi hao!" Redio akadakia. "Mimi nilisema tangu siku Waingereza walipokinunua..."

"Punguza sauti, Redio, betri zitakuishia," Mama Risiti akasema, huku akimenya ngozi ya soseji yake nyeupe. "Hakuna aliyeiba. Kiwanda kimoja, vitabu viwili."

"Vitabu viwili ndiyo wizi wenyewe, mama!"

"Hebu sikiliza. Kile kiwanja kando ya reli, tulichowapangisha wenye supamaketi. Kilinunuliwa mwaka hamsini na nane kwa bei ya ng'ombe watatu. Kwenye kitabu chetu mpaka leo ni ng'ombe watatu. Sheria ya hapa hairuhusu kujisifia bei mpaka uuze. Mwingereza kauliza leo kinakwenda kwa ngapi, akaandika kwenye kitabu cha London, ile tofauti akaiita faida."

"Na hasara yetu imetoka wapi?"

"Zile pampu tulizowauzia Waturuki. Zikiharibika watatudai, kwa hiyo hasara tumeshaiandika."

"Kwani zimeharibika?"

"Wapi! Zinavuta maji vizuri tu. Tahadhari kabla ya hatari."

"Lahaula!" Redio akashika kichwa. "Kumbe Mjerumani analia kabla ya msiba, Mwingereza anacheza kabla ya harusi!"

"Basi mimi wanilipe kwa kitabu cha harusi," Spana akasema. "Yaishe."

"Haiwezekani, baba. Mkataba wa bonasi unataja kitabu cha hapa."

"Mjinga gani aliukubali mkataba huo?"

Mama Risiti akaweka kisu chini. "Waingereza walipokuja, wao wenyewe walitaka bonasi ifuate vitabu vya London. Tukaitwa mkutano kantini. Mtu mmoja akapanda juu ya meza, akapayuka: 'Hesabu za Waingereza hatuzitaki! Tunataka za Kijerumani, hesabu za kweli!' Kura zikapigwa. Mia na mbili wakamuunga mkono, mmoja akakataa."

"Nani alikataa?"

"Mimi. Nilivijua vitabu vyangu."

Spana akajificha uso nyuma ya gazeti. Ile meza ya kantini aliikumbuka, ilivyoyumba chini ya viatu vyake, na makofi, na wenzake walivyombeba juujuu mpaka getini. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mchuma janga hula na wa kwao!" Redio akaangua kicheko, anafuta machozi kwa kofia. "Na hawa wa kwao ni mia na mbili!"

Simu ikalia. Traudl, na sauti yake haihitaji spika.

"Umewauliza habari ya bonasi?"

"Nimeuliza, mke wangu. Haipo. Kumbe kuna jinga moja zamani lilipanda juu ya meza likatuharibia wote."

"Jinga gani hilo? Nitajie jina, nimfuate leo leo nikampe vidonge vyake!"

Spana akawatazama wenzake kwa macho ya kuomba. "Hapa hakuna anayelikumbuka jina lake."

Mama Risiti akainama mpaka kwenye simu. "Traudl, mwanangu, mimi nalikumbuka."