Nani Anaisumbua Seva?

Jumatatu, 6 Mei
Injinia amesifiwa tena. Alihamia darasani kwetu muhula huu na tayari kila mtu anamwita Injinia. Mimi nipo tangu kidato cha kwanza, naitwa Kimya.

Mwalimu wa kompyuta amesema mtandao unatambaa kama konokono. Kuna kompyuta inaisumbua seva kwa maswali. (Ukifungua tovuti, kompyuta yako huiuliza seva kwanza: hii iko anwani gani?) Atakayeibaini atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, awe anaingia hata wakati wa mapumziko. Ufunguo! Mle ndani ndimo pekee ambamo hakuna anayeniuliza mbona siongei. Injinia ana marafiki tele. Wa nini kwake?

Jumanne, 7 Mei
Nimesoma kumbukumbu za seva. Ushindi! Maswali yote yametoka anwani moja ya IP, ile namba inayotambulisha kifaa mtandaoni. Nikapita kati ya meza nikijifanya nimeangusha kalamu. Anwani ile ile imebandikwa kwenye kisanduku kilicho mezani kwa Injinia!

Mama ameuliza mbona nachekea sahani. Nikasema ni hesabu.

Jumatano, 8 Mei
Aibu! Nilisimama nikamtaja. Injinia hata hakukasirika, jambo lililoniudhi zaidi. Akasema, kaka, hiyo ni ruta. Maswali yetu sote hupitia kwake, naye huyafikisha kwa anwani yake mwenyewe. Ni kama mtoto aliyetumwa dukani: muuzaji humwona aliyekuja, hamwoni aliyemtuma. Mwalimu akaongeza kwamba kwa ushahidi wangu hata yeye ni mtuhumiwa. Mmoja wa nyuma akapaza sauti ruta ifungwe pingu.

Mfano wa dukani ulikuwa mzuri sana. Simpendi kabisa.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemaliza mwongozo wa ruta, hata onyo la kutoimwagia maji. Kumbe inaweza kuamriwa iambatishe kwenye kila swali anwani ya muulizaji wa kwanza, na seva ikaisoma! Nikamwahi Injinia: niliomba ruhusa Mwalimu akiwa bado hajatua mkoba. Nikabofya. Ikakubali! Kwa mikono yangu hii!

Ijumaa, 10 Mei
Mwalimu alinipa heshima ya kusoma majibu mbele ya wote. Muulizaji sugu: kompyuta ya pembeni, karibu na kabati. Nikageuka niikazie macho. Kwenye kiti chake kulikuwa na mkoba wangu.

Ni ukurasa wa kura za shindano la insha, ambalo mimi na Injinia sote tumeingia. Nimeuweka ujifungue upya wenyewe, tena na tena, Injinia asije akanipita bila mimi kujua. Sikudhani kwamba kutazama tu nako ni kuuliza!

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema kweli nimembaini mkosaji, hongera, ila ufunguo utakaa kwa Injinia. Injinia akaninong'oneza, kaka, ukiutaka wewe njoo tu.

Mwema hivyo! Inachosha.

Jumamosi, 11 Mei
Nimetubu. Shuleni ule ukurasa siufungui tena. Wivu basi. Jumatatu nitamwomba ufunguo kwa adabu, pengine hata nimsalimie.

Jioni. Nimechungulia mara moja tu kwenye simu ya Mama. Amenipita! Nimeuweka ujifungue upya wenyewe.

Mama analalamika bando lake la intaneti linayeyuka, hajui nani analitafuna. Nimemwambia atulie, mambo haya nayajua, nitachunguza. Namshuku Injinia.