Nne Iliyopotea Kabiro

Silvanus Opondo,
Fundi wa Viatu na Katibu wa Kanisa,
Nyuma ya kioski cha maji, Mashimoni,
Kibera.

Jumanne, Mei 1999

Kwa Bwana Chege,
Mwenyekiti, Klabu ya Salsa ya Kabiro,
Ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari,
Kawangware.

Ndugu Mwenyekiti,

KUH: KONGAMANO LENU LA WIKENDI HII, AMBALO NAOMBA LISIWEPO

Nakusalimu kutoka Mashimoni, ambako tuko salama isipokuwa mimi. Wewe hunijui, lakini mimi nakujua kwa soli. Mke wangu ni Rosebella, yule mama wa omena anayeacha karai lake kwa mama yako hapo chini, kisha anapanda ngazi zako kila Jumatano na Ijumaa. Viatu vyake hutengenezwa na mimi. Nimeona kiatu cha kulia kinavyolika mbele, chini ya vidole, huku kisigino kikibaki kama siku kilipotoka dukani. Hiyo si soli ya mtu anayeuza samaki.

Kwa hivyo nimekaa kitako nikuandikie, kwa heshima zote, malalamiko yafuatayo, nikitumaini kwamba utayachukulia hatua zinazofaa. Nimeandika neno hatua nikakumbuka naongea na nani. Tafadhali usinielewe vibaya. Sisemi zile zako za kwenda mbele na kurudi nyuma.

1. Neno lenyewe, kongamano.

Huku kwetu kongamano ni jambo linalojulikana. Watu wanakaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, wanahubiriwa kutoka Ijumaa mpaka Jumapili, wanakula wali, wanarudi nyumbani wakiwa watu wazuri kwa muda. Kuna la vijana na kuna la akina mama. Kwa hivyo Rosebella aliponiambia, huku akichambua omena na bila kuinua macho, kwamba kuna kongamano la Salsa pale Kabiro na angependa kwenda, mimi nilikubali hapo hapo, na hata nikamsifu.

Salsa nilichukulia kuwa ni kifupisho. Siku hizi kila kitu kina kifupisho, hata kikundi chetu cha kuzibua mitaro baada ya ile mvua ya El Nino kina kifupisho kirefu kuliko mtaro wenyewe. Nilikaa nikafikiri, nikapata Shirika la Akinamama la Sala na Amani. Ukiruka "la" ya kwanza na ile "na", inaingia sawasawa. Jaribu mwenyewe uone.

Basi Jumapili ya wiki mbili zilizopita, nikiwa katibu, nilisimama mbele ya Kanisa la Mwangaza, tawi la Mashimoni, nikasoma matangazo. Nilitangaza kwamba dada yetu Rosebella ndiye mjumbe wetu katika Kongamano la SALSA, na washirika wamkumbuke katika maombi. Mchungaji Khamala alimwita mbele akamwekea mikono kichwani, akaomba miguu yake iongozwe. Rosebella aliitikia Amina, ila ile Amina ilikuwa na kikohozi ndani yake. Nilifikiri ni vumbi.

2. Matokeo ya lalamiko la kwanza.

Mama Eddah ni mwenyekiti wa akina mama wetu, na ni mtu ambaye hapendi kanisa liwakilishwe kidogo. Alisema mjumbe mmoja ni aibu. Sasa akina mama wote wanakuja, Mwenyekiti. Wamenunua leso za namna moja, rangi ya machungwa, na wamejifunza wimbo wa kuingilia. Watapanda ngazi zako Jumamosi asubuhi wakitafuta mahali pa kukaa, na kwa jinsi nilivyouona ukumbi wako, hakuna mahali pa kukaa.

Nani atawaambia ukweli? Nikiwaambia, mimi ndiye katibu aliyeombesha kanisa zima kwa ajili ya kiuno cha mke wake. Nikinyamaza watajionea wenyewe. Naona kwamba kosa ni lako, kwa sababu ungeuita mkutano wako dansi, kama watu wengine wanavyoita, mimi singeutangaza.

3. Uchunguzi wangu.

Nilipodokezwa kwamba Salsa ni dansi, nisije nikaonekana mtu wa kusikia maneno ya watu, nilikuja Kabiro mwenyewe Ijumaa iliyopita. Nilikuja kwa niaba ya kanisa, ingawa kanisa halikujua. Nilisimama chini kwanza, nikijifanya naangalia bei ya misumari, halafu nikapanda mpaka mlangoni.

Nilikuona. Wewe ndiye uliyekunja mikono ya shati. Ulikuwa umewapanga watu mistari miwili, na ulimshika Rosebella mkono uwaonyeshe wengine namna ya kuzunguka. Ulionyesha kwa kidole, naye akazunguka akasimama pale pale ulipoonyesha. Mwenyekiti, mimi nimeoana na huyu mama tangu kabla ya mwanetu Billy kuzaliwa, na Billy sasa ni mtu mzima ana kazi Nakuru. Hajawahi hata siku moja kusimama mahali nilipoonyesha mimi. Roho iliniuma, nakuambia hivyo bila kuzunguka, kwa kuwa kuzunguka ni kazi yenu.

Ndipo naomba kwamba, ikiwa lazima watu wakutane, basi viuno viachwe chini kwa mama yako pamoja na karai, na vichukuliwe wakati wa kurudi.

5. Wizi wa nne.

Utaona nimeruka nne. Nimefanya makusudi ili nawe usikie inavyouma. Nilikusikia kwa masikio yangu ukihesabu moja, mbili, tatu, ukanyamaza kidogo, ukaenda tano, sita, saba. Watu wazima walikuwa wanakufuata, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono kuuliza. Mtoto wa darasa la kwanza akihesabu hivyo mwalimu anamrudisha mwanzo.

Hili jambo limeingia mpaka nyumbani kwangu. Juzi jirani alikuja kununua omena, na Rosebella akampimia kwa mkebe wa gorogoro huku akiimba chini chini. Alisema moja, mbili, tatu, tano, akafunga mfuko. Jirani aliyelipia tano akaenda, akapima kwake, akarudi. Ilibidi mimi nitoke kwenye kibanda nikaeleze. Watu wa Mashimoni wanasamehe mengi lakini si kipimo. Nadai nne irudishwe mahali pake, na mbandike tangazo ukutani kwamba imerudi.

6. Masharti yenu ya kuingia.

Karatasi yenu inasema kila mjumbe aje na mwenzake, na asiye na mwenzake atapewa. Rosebella aliweka hiyo karatasi juu ya meza yangu ya kazi, akaibana na nyundo isipeperuke. Hakugomba. Aliniambia tu, Baba Billy, mimi naenda, wewe uamue kama unakuja. Kisha alichukua mtungi akaenda zake kwenye kioski kupanga foleni ya maji.

Tangu siku hiyo sijaamua. Napiga msumari nasimama. Nimeshona kiatu cha mteja mmoja kikafungwa juu kabisa, mguu hauna pa kuingilia. Nataka uelewe hali yetu, Mwenyekiti, maana wewe bado kijana na baba yako ana nyumba za kupangisha. Sisi tuna chumba kimoja, na Billy alipoondoka hicho chumba kikawa kikubwa sana. Jioni tunakula. Yeye ananiambia omena imepanda, mimi namwambia gundi imepanda. Tunasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, kisha tunalala. Hatugombani, na hakuna wa kumlaumu. Lakini Jumatano na Ijumaa akitoka kwako anakuja anaimba, na mimi siujui huo wimbo.

Sasa nauliza swali la kawaida kabisa. Huyo mwenzake atakayepewa ni nani? Kama ni wewe, sema. Kama si wewe, ana miaka mingapi, anasali wapi, na kwa nini hana mke wa kuja naye? Ningependelea apewe mama mwenzake. Mama akikosekana, apewe kiti. Nimefikiri sana nikaona kiti kinatosha.

7. Mapendekezo yangu kwa jumla.

Ili tumalize jambo hili kistaarabu, napendekeza wanaume wacheze Ijumaa, wanawake wacheze Jumamosi, na Jumapili watu wote wapumzike. Salsa ichezwe mkiwa mmekaa. Zile nyakati za kushikana mikono, washikane na mtu wanayemjua kwa zaidi ya miaka ishirini. Muziki upigwe katika ukumbi mwingine. Mimi niwe mgeni wa heshima na nipewe nafasi ya kusema mwanzoni, katikati na mwisho.

Mkiona hayo ni magumu, basi futeni kongamano lote. Nikikosa jibu nitamwandikia chifu. Chifu akikawia, nitalitangaza kanisani, na umeshaona matangazo yangu yanavyoleta watu.

Msalimie sana mama yako, ambaye Rosebella ananiambia sasa anakula omena na vichwa vyake, ingawa alianza kwa kuishika kwa ncha ya vidole. Wasalimie wanafunzi wako wa mistari yote miwili, na yule kijana wa redio kaseti, umwambie sauti inasikika mpaka kwenye misumari. Wasalimie wenye ploti wote wa Kabiro na wapangaji wao, na yeyote atakayekuuliza nani amekuandikia barua ndefu hivi.

Mimi nisiyecheza, nikingoja hatua yako,

Silvanus Opondo
Katibu

Tanbihi. Nimechelewa kuituma. Nilikuwa nimeiweka chini ya kalibu yangu ya mbao ya kuundia viatu ili ikunjike vizuri, na sasa ni Alhamisi, kwa hivyo nitakuletea kwa mkono kesho. Kuna lalamiko nililoliacha, nalo ni hili.

4. Jana jioni nilikuwa peke yangu chumbani. Nilisogeza meza ukutani ili niendelee na uchunguzi, na nikawa naenda mbele na kurudi nyuma kama ulivyokuwa ukifanya. Nilikuwa na kiti mkononi. Rosebella alitoka kwako akanikuta hivyo. Yeye aliweka karai chini, akakitoa kile kiti taratibu, akanipa mkono wake, ambao ulikuwa unanuka omena kidogo, kama siku zote.

Nilianza vizuri. Lakini mimi ni katibu, siruki kitu, na baada ya tatu nikakanyaga nne kwa nguvu zangu zote. Nilikanyaga na kidole chake. Alilia, halafu akacheka mpaka akakaa kitandani, na mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba huyu mama akicheka hufunika macho badala ya mdomo. Akaniambia nne haijaibwa. Akasema, Baba Billy, hiyo nne iko, lakini hapo hakuna mtu anaenda mahali, hapo unangoja mwenzako.

Tukajaribu tena. Tulipofika hapo nilisimama. Na yeye alikuwa amesimama, ananiangalia. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho sisi wawili tulisimama hivyo bila mmoja kuwa na haraka ya kitu.

Kwa hivyo, Mwenyekiti, tafadhali andika majina mawili, Rosebella na mwenzake. Yule wa kupewa asipewe. Mama Eddah nimemweleza yote asubuhi hii, nikingoja anifokee. Amenijibu kwamba leso zimeshanunuliwa, na kwamba leso tangu zamani hufungwa kiunoni, sasa mimi nilifikiri zinaenda kufanya nini. Ameuliza pia kama Mchungaji anaruhusiwa kuja na viatu vyake vya ibada.

Viatu vya Rosebella nimeviwekea soli mpya ya ngozi laini, ili visimkamate akizunguka. Vyangu pia. Ya chifu achana nayo. Hatua nitachukua mwenyewe, na nne usiirudishe.