Ombi la Kuletewa Nesi Mbaya Kidogo

Kwa Mkuu wa Wauguzi wa Majumbani,

Shikamoo. Umri wako siujui, lakini mwenye madaraka huamkiwa. Mimi ni kitindamimba wa yule mama aliyepooza upande wa kulia, ambaye ofisi yako humletea nesi kila asubuhi. Mimi ni fundi cherehani, na nashonea sebuleni ili niwe karibu naye. Tangu alipoanguka nimemtunza peke yangu, kabla ninyi hamjatujua. Naandika kwa heshima zote, na kwa hasira kidogo, kumlalamikia nesi huyo. Sina ugomvi naye binafsi, ila amenipindua.

1. Anagonga mlango. Mlango wenyewe uko wazi mchana kutwa, una pazia tu, lakini yeye husimama nje, akagonga fremu na kusema, "Bibi, naomba kuingia." Akishaingia huomba tena: naomba nikushike mkono, naomba nikugeuze, naomba nikuoshe mgongo. Mama hufikiri kwanza kama waziri, halafu hujibu, "Ruhusa." Mimi miaka yote nimemgeuza mama bila kibali cha mtu na hakuna kilichoharibika. Sasa nikifika na beseni mama ananiuliza, "Umegonga?" Juzi nilirudishwa nje na maji yangu ya moto. Nilipogonga, niliambiwa nisubiri. Maji yakapoa.

2. Magauni. Nesi alinitazama nikihangaika kumvika mama, ule mkono uliopooza ukigoma kuingia, akasema, "Dada, yapasue mgongoni, uweke kamba za kufungia." Fundi mzima niambiwe nipasue nguo nzuri! Nilipasua moja kwa nia ya kumwaibisha. Likavalika mara moja, mama hata hakuguna. Basi nimeyapasua yote. Kibaya zaidi, majirani wenye wagonjwa wameanza kuja kuniagiza mshono huo, na wanauita "mshono wa nesi". Cherehani yangu, mkasi wangu, sifa zake.

3. Mama anakula. Mimi nikimlisha supu alikuwa anafumba mdomo na kutazama ukuta, nami nabembeleza mpaka sauti inakauka. Nesi hamlishi. Humpa kijiko mkono wa kushoto, akakaa pembeni kama mtu asiye na haraka. Nusu ya supu huenda mdomoni, nusu kifuani, na mama hucheka. Nguo nazifua mimi. Hicho kicheko, nikiri, nilikuwa nimekisahau.

4. Baada ya kummaliza mama, amenigeukia mimi. Alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha, baada ya kuomba ruhusa bila shaka, akatikisa kichwa na kuniambia nikalale. Nikamjibu kwamba mimi sichoki. Nadhani nililala nikiwa katikati ya sentensi hiyo. Nilipoamka zamu yake ilikuwa imekwisha zamani, naye bado amekaa kando ya mama akinisubiri, na cherehani yangu ameifunika.

Huenda usione hasara iko wapi. Uchovu ndio uliokuwa silaha yangu kwa ndugu zangu. Kaka mkubwa akipiga simu kutoka huko aliko, nilikuwa nahema kwanza ndipo namsalimu, naye anaona aibu. Safari hii ameniambia, "Mbona sauti yako nzuri siku hizi?" Nimebaki mikono mitupu.

5. Hili naliandika polepole. Jumanne mama alimwita nesi "mwanangu". Mimi nilikuwa palepale nimeshika taulo. Ikiwa mwanawe ni huyo anayekuja asubuhi na kuondoka, mimi ninayelala kwenye godoro kando ya kitanda chake ni nani? Iliniuma, na hadi sasa inaniuma.

Kwa hiyo naomba mumwondoe huyu, mtuletee mbaya kidogo. Simtaki katili. Nataka anayechelewa, anayeingia bila hodi, mwenye mikono ya baridi, anayeongea na simu huku akimwosha mgonjwa. Mama akimwonja huyo kwa wiki moja tu atakumbuka mimi ni nani. Mkiwa naye mwenye kununa, itakuwa vizuri zaidi, ila asiwe na nguvu sana, maana mifupa ya mama si ya kuchezea.

Nategemea utalishughulikia ombi langu kwa haraka. Wasalimie wauguzi wote, dereva wenu mpole, na yule mama wa mapokezi anayevumilia simu zangu.

Ni mimi,
Kitindamimba,
mtoto halali wa mgonjwa.

N.B. Kabla sijaileta barua hii, nesi wetu alishikwa na mafua makali, nanyi mkatuma wa akiba. Hongereni, alikuwa vilevile nilivyoomba. Aliingia moja kwa moja, simu sikioni, akamgeuza mama kama anageuza godoro. Mama alinitafuta kwa macho, akaninyooshea ule mkono wake mzima, akasema, "Mwanangu, mwambie aache."

Neno nililolitaka nikawa nimelipata, na nililia mbele ya mgeni. Nilimtoa nje huyo binti, nikamfunika mama, nikaleta beseni nimwoshe mwenyewe. Nikajisikia nasema, "Mama, naomba nikuoshe mgongo." Akafikiri kwanza.

Basi yafuteni yote ya juu. Wetu akipona mrudisheni, na mwambieni hapa ni kwao, asigonge tena, aingie tu.

Mama anasema hapana, agonge.